Kadi Ilikuwa na Fedha, Lakini Sikuweza Kulipa

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote wa safu hii. Ninakuandikia zikiwa zimebaki wiki sita tu kabla ya safari yangu nyingine, na yaliyonipata katika safari iliyopita bado hayajanitoka moyoni.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Italia kikazi kwa siku tisa. Nilikuwa na kadi moja ya benki, ile inayokata fedha moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, pamoja na pochi ya fedha kwenye simu ambayo nikiwa nyumbani naitumia kila siku. Sikubeba fedha taslimu za kutosha, kwa kuwa niliamini kwamba mwenye kadi yenye nembo inayojulikana duniani kote hawezi kukwama. Siku ya kwanza mpokezi wa hoteli aliichukua kadi yangu, akaniomba niweke namba ya siri, akasema hiyo ni dhamana tu. Jioni ile ile nilinunua koti, na mashine ikaniuliza kama ninataka kulipa kwa yuro au kwa fedha ya kwetu. Nilichagua ya kwetu, kwa sababu ndiyo ninayoielewa. Siku ya pili, kwenye mgahawa, mashine ilisema muamala umeshindikana, nikalipa kwa fedha taslimu chache nilizokuwa nazo. Siku ya tatu kadi ilikataliwa kabisa mbele ya foleni ya watu, ingawa kwa hesabu zangu akaunti ilikuwa bado na fedha nyingi.

Katika kuhangaika nikanunua laini ya nchi ile ili nipate intaneti kwa unafuu. Laini yangu niliitoa, nikaifunga kwenye kikaratasi na kuitia kwenye mkoba, na tangu saa ile sikuiona tena. Programu ya benki ikaanza kudai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye laini niliyoipoteza, nayo pochi ya simu ikakataa kufunguka. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenikopesha fedha hadi siku ya kurudi, na hoteli nililipa kwa fedha hizo za mkopo. Niliporudi nikakuta ile dhamana bado imeshikiliwa, ikaendelea kushikiliwa kwa siku 19. Fedha za mgahawa zilikuwa zimekatwa pia, japokuwa nilishalipa taslimu, na koti lilikuwa limenigharimu zaidi ya nilivyokadiria.

Sasa ninakwenda Guangzhou, China, kwa siku 14, nikiongozana na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 67, kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Mume wangu anasema tubebe fedha taslimu zote na tuachane na kadi. Mdogo wangu anasema fedha taslimu hazina kazi tena, kwamba huko kila kitu ni simu. Mama anasema atafuata nitakachoamua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana kukwama peke yangu niliweza kukuvumilia, lakini siwezi kumwona mama amekwama. Nimsikilize nani? Na je, zile fedha za mgahawa ndizo zimepotea?

Ni mimi,
Msafiri Aliyekwama

*

Dada Msafiri,

Pole sana kwa yaliyokupata, na hasa kwa ile dakika ya kusimama mbele ya foleni huku watu wakikutazama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimefika mahali pale pale: fedha ulikuwa nazo, na kadi yako haikuwa mbovu. Ulidhani una njia mbili za kulipa, yaani kadi na simu, ilhali zote mbili zilitegemea akaunti moja na laini moja. Sehemu ya akaunti iliposhikiliwa, kadi ilinyamaza, na laini ilipopotea, simu nayo ikanyamaza. Kwa sababu hiyo sitakuchagulia kati ya mumeo na mdogo wako, maana kila mmoja wao, kwa nia njema kabisa, anakutaka ubaki tena na njia moja.

Nianze na laini, kwa sababu hapo ndipo wasafiri wengi hujikwaa bila kujua. Sisi tunaichukulia laini kuwa kitu cha kupigia simu, lakini kwa benki yako laini ile ni sehemu ya kitambulisho chako: ndiko inakotuma namba ya uthibitisho unapolipa mtandaoni, unapoingia kwenye programu kutoka mahali pasipo pa kawaida, au unapotaka kubadilisha kiwango cha matumizi ya kadi. Basi safari hii laini yako isitoke kwenye simu hata kwa dakika moja. Ukiwa bado nyumbani, iombe kampuni yako ya simu ikuwashie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, ile ambayo wengi huiita romingi, kwa kuwa mara nyingi haiwezi kuwashwa kwa urahisi ukishavuka mpaka, kisha uulize kama inafanya kazi China na kama kupokea ujumbe mfupi ukiwa huko kunatozwa. Kampuni nyingi hazitozi kitu kwa kupokea ujumbe, na gharama inayoumiza hutokana na intaneti, ambayo unaweza kuizima kwa laini hiyo huku ukiacha ujumbe uendelee kuingia. Intaneti yenyewe ipate kupitia laini ya pili, kwani simu nyingi za miaka ya karibuni zina nafasi mbili za laini au zinapokea laini ya kidijitali isiyohitaji kadi ya kuchomeka.

Ikiwa benki yako inaruhusu malipo kuidhinishwa ndani ya programu yake kwa alama ya kidole badala ya ujumbe mfupi, hamia huko wiki hii, kisha usibadilishe simu wala kuifuta programu hiyo hadi urudi, maana kuisajili upya kutaihitaji tena ile namba ya ujumbe. Kuna jambo moja dogo linalowakwaza wageni China: Gmail na huduma nyingine za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya nchi ile. Kama benki hukutumia namba za uthibitisho au tahadhari kwa barua pepe ya Gmail, badilisha utaratibu huo kabla ya kuondoka.

Ama pochi ya simu, ile unayoifungua kwa kubonyeza nyota, namba na alama ya reli, usiihesabu kabisa kuwa njia ya kulipia ugenini. Menyu za aina hiyo hazipiti kwenye intaneti. Hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, na ukiwa nje hufanya kazi pale tu kampuni mbili zinapokuwa zimekubaliana kuipitisha huduma hiyo. Na hata ikifunguka, mwenye duka wa huko hana namna ya kupokea fedha zake. Iache itumike nyumbani: mumeo, akihitajika kukusaidia, ataweza kutoa fedha huko na kuziingiza kwenye akaunti yako ya benki.

Sasa ile dhamana. Mpokezi hakukudanganya, ila hakukueleza vya kutosha. Hoteli haikuchukua fedha zako siku ile. Iliiomba benki izitenge, na benki ikazitenga. Kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, fedha zilizotengwa ni zako bado, lakini huwezi kuzigusa, na ndiyo maana hesabu zako zilikuwa sahihi na mashine iliyokukatalia nayo ilikuwa sahihi. Kampuni za kukodisha magari na pampu za mafuta za kujihudumia hufanya vivyo hivyo. Ulipolipa hoteli kwa fedha taslimu, ile dhamana haikupata muamala wa kuifunga, ikabaki ikingoja hoteli iiachilie au muda wake uishe wenyewe, jambo ambalo huweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kwa kutegemea benki. Safari hii uliza kiasi cha dhamana kabla hujaitoa kadi mkononi, toa kadi ambayo si ya matumizi ya kila siku, na siku ya kuondoka lipa kwa kadi ile ile iliyoshika dhamana. Ukiwa na kadi ya mkopo, hiyo ndiyo inayofaa kwa kazi hii, kwa sababu kinachotengwa ni sehemu ya kikomo cha kukopa na akaunti yako inabaki salama. Usiitumie tu kadi hiyo ya mkopo kuchukua fedha taslimu kwenye ATM, kwani kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu koti, naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, kwa sababu swali lile la mashine ndilo linalowagharimu wasafiri fedha nyingi kimyakimya. Mashine inapokuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya nchi uliyomo au kwa fedha ya kwenu, swali halisi ni hili: nani abadilishe fedha, mtandao wa kadi (kama Visa au Mastercard) na benki yako, au kampuni inayoendesha mashine hiyo? Ukichagua fedha ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na ndani ya kiwango hicho ameshaweka faida yake. Chukua mfano wa koti la yuro 200: kama nyongeza iliyofichwa ni asilimia 6, umelipa yuro 12 zaidi kwa faraja ya kuona tarakimu unazozizoea, na huenda benki yako ikakutoza tena ada ya muamala wa nje hata kama kiasi kimeandikwa kwa fedha ya kwenu. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili, na tangu Aprili 2020 sheria zake zinataka mteja aonyeshwe kabla ya kulipa ni kwa asilimia ngapi kiwango hicho kinazidi kile cha Benki Kuu ya Ulaya. Tarakimu hizo huonyeshwa kwa maandishi ambayo mtu mwenye haraka hayasomi. Kwa hiyo shika hili popote utakapokwenda: chagua fedha ya nchi uliyomo, kila mara, dukani na kwenye ATM.

Kwenye ATM mtego huo huja kwa sura nyingine. Baada ya kuweka kiasi, skrini huonyesha kiwango cha kubadilishia na kukuuliza kama unakikubali au unakikataa, na mtu huogopa kwamba akikataa hatapata fedha. Kukataa kiwango kile hakufuti muamala. Mashine huendelea na kukupa fedha, na hesabu ya kubadilisha hufanywa na upande wa kadi yako. Mwenye mashine anaweza pia kukutoza ada yake, na benki yako ikaongeza ya kwake kwa kila utoaji, hivyo ni nafuu kutoa kiasi cha kutosha mara chache kuliko vijisehemu kila siku. Tumia ATM iliyo ndani ya tawi la benki katika saa za kazi, ili mashine ikiimeza kadi pawepo mtu wa kumwendea.

Tuje China. Mdogo wako anasema kweli kuhusu simu, ila anazungumza kama mkaazi mwenye akaunti ya huko. Kugusisha kadi kwenye mashine, ambako kungekufikisha popote London, mji ambao mabasi yake hayapokei fedha taslimu tangu 2014, hakutakufikisha mbali Guangzhou, kwa sababu huko watu hulipa kwa kuskani msimbo wa QR kupitia Alipay au WeChat, programu za simu zinazotumiwa sana huko. Habari njema ni kwamba mgeni sasa anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na programu hizo na kulipa bila kuwa na akaunti ya benki ya China. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayatozwi ada kwa kadi ya kigeni, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. Kuna mambo ambayo kadi ya kigeni haiyafanyi kwa urahisi, kama vile kumtumia mtu binafsi fedha, kwa hiyo usipange kumrudishia mdogo wako deni kwa njia hiyo. Pakua programu zote mbili sasa, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi, na uthibitishe ukiwa nyumbani, mahali ambapo laini yako inapokea ujumbe bila shida. Anayeanza kazi hii akiwa kwenye uwanja wa ndege wa Guangzhou, amechoka na amemshika mama mkono, anajitesa bure.

Iarifu benki yako pia kwamba utakuwa China kwa tarehe fulani, na hakikisha kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kwa malipo ya mtandaoni, kwa maana malipo ya Alipay na WeChat huenda yakaonekana kwa benki kama ununuzi wa mtandaoni. Benki inayoona malipo madogo madogo kumi kwa siku moja kutoka nchi ambayo hujawahi kufika inaweza kuifunga kadi kwa kukulinda.

Mumeo naye anasema kweli kwa kiasi. Betri huisha, intaneti hukatika, programu hugoma. Nchini China mfanyabiashara haruhusiwi kisheria kukataa noti za yuani, na Benki Kuu ya nchi hiyo imelisisitiza hilo mara kadhaa, ingawa huenda muuzaji akakosa chenji. Kwa hiyo mama awe na yuani taslimu katika noti ndogo, kiasi kinachotosha teksi na chakula cha siku mbili tatu. Lakini kubeba fedha za safari nzima siwezi kukushauri: zikiibwa hakuna benki ya kuzirudisha, na kuna mipaka ya forodha. China humtaka mgeni atangaze fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 za Marekani anapoingia, na nchi za Umoja wa Ulaya huweka kiwango hicho kwenye yuro 10,000, nayo Marekani kwenye dola 10,000. Asiyetangaza anaweza kunyang'anywa.

Utakapokwenda benki, omba kadi ya pili iliyo kwenye akaunti nyingine, na ikiwezekana ya mtandao mwingine, yaani kama ya kwanza ni Visa, ya pili iwe Mastercard. Hizo mbili zisikae kwenye mkoba mmoja. Bora zaidi kama hiyo ya pili itakuwa ya mama kwa jina lake, kutoka akaunti yake, na aizoee kabla ya safari: aende nawe ATM, aweke namba ya siri mwenyewe, alipe dukani mara mbili tatu, ili siku utakapolazimika kumtegemea yeye isiwe mara yake ya kwanza. Usimchukulie kuwa mzigo wa kulindwa tu. Mtu wa miaka 67 mwenye kadi inayofanya kazi na noti mfukoni ni njia yako ya tatu.

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, namba ya kituo cha wateja cha benki zote mbili ikiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, kwa kuwa namba fupi za bure unazozizoea nyumbani kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje. Kadi zote zikipotea, Visa na Mastercard zina huduma ya dharura ya kukupatia kadi mbadala au fedha taslimu ugenini, lakini hufanya hivyo kwa idhini ya benki iliyokupa kadi, na kwa hiyo namba ya benki ndiyo ya kwanza kupigwa.

Nimalizie na swali lako la mgahawa, ambalo naona umeliuliza kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Fedha hizo hazijapotea bado. Mashine ilisema muamala umeshindikana, ukalipa taslimu, kisha akaunti ikakatwa: hiyo ni sababu inayotambuliwa kabisa ya kupinga malipo, na benki yako ina utaratibu wa kuidai benki ya mfanyabiashara. Tofauti ya bei ya koti ni vigumu kuirudisha, kwa kuwa uliikubali mwenyewe kwenye skrini. Lakini madai ya mgahawa yana muda wake, unaohesabiwa kwa siku tangu muamala ulipofanyika: kwa baadhi ya madai ni siku 120, kwa mengine ni pungufu ya hapo, na wewe umeshatumia kama 60. Iandikie benki barua yenye tarehe, saa, kiasi na jina la mgahawa kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, na uambatanishe risiti ya fedha taslimu pamoja na ile karatasi ya mashine iliyosema muamala umeshindikana, kama unazo. Ukiwa umezitupa, andika hivyo hivyo, na umwombe mfanyakazi mwenzako aliyekuwa nawe akuandikie maelezo aliyoyashuhudia. Barua hiyo ipeleke kesho, hata kabla ya kwenda kuomba romingi.